Kura zisizopigwa ng'ambo: makundi yanayoweza kumnyima Rais Ruto muhula wa pili

Agosti 9, 2022 nilikuwa wakala wa mgombea mmoja wa udiwani katika shule ya msingi huku kwetu Likoni. Simtaji jina, na hata hivyo hakushinda. Kituo chetu kilikuwa na watu wachache chini ya 700, ambao ndio ukomo wa kituo kimoja. Asubuhi foleni ilifika hadi kwenye mwembe. Adhuhuri ikakatika. Kuanzia saa nane makarani walikuwa wakipiga soga, nasi mawakala tukigawana kashata. Saa kumi na moja jioni mlango ulipofungwa, zaidi ya nusu ya majina yaliyokuwa daftarini hayakuwa yamewekwa alama. Vitabu vya karatasi za kura vililala juu ya dawati, vingine havijachanwa hata ukurasa mmoja.

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia ubishi wa barazani kuhusu nani atamwangusha Rais William Ruto mwaka 2027 au nani atamwokoa, nakumbuka vile vitabu. Ubishi huwa ni wa vigogo: huyu amehamia wapi, yule amepewa nini. Makala haya yanawahusu wenye kura wenyewe, wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na yale makundi ambayo yakisogea hatua moja tu upande huu au ule, hesabu ya Ikulu inabadilika. Sina chama ninachokipigia debe. Nina daftari la matokeo na miaka mingi ya kuishi huku.

Hesabu yenyewe

Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Tofauti ni kura 233,211. Lakini kwa mujibu wa Katiba ya 2010 kumshinda mpinzani hakutoshi. Lazima upate zaidi ya nusu ya kura zote halali, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24. Ruto alipata asilimia 50.49. Ukiipiga hesabu, alivuka mstari wa nusu kwa kura karibu 70,000 tu. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo hayo Septemba 5, 2022.

Sasa tuje kwetu. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wapigakura 641,913 waliosajiliwa. Waliojitokeza ni takriban asilimia 44, idadi ya chini kuliko kaunti zote 47, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 65. Maana yake ni kwamba watu karibu 360,000 walikuwa daftarini na hawakupiga kura. Ni wengi kuliko ile tofauti ya nchi nzima.

Hapo watu wengi huruka na kusema, "Basi Mombasa ndiyo iliyompa Ruto urais." Nami nilisema hivyo kwa muda mrefu, mpaka siku moja nilipochukua kalamu. Hapa Mombasa Raila alipata asilimia 58 na Ruto 41. Kama wale 360,000 wangejitokeza wote na kugawanyika vivyo hivyo, Raila angepunguza pengo kwa kura kama 60,000, na Ruto bado angeshinda. Ila ule ukingo wake wa kura 70,000 ungebaki nusu.

Jaribu hesabu ya pili. Katika chaguzi za 2013 na 2017, Raila alikuwa akipata takriban kura saba katika kila kumi zilizopigwa Mombasa. Wale 360,000 wakigawanyika kwa saba na tatu, Ruto anateremka chini ya nusu kwa kura chache sana, na nchi inakwenda duru ya pili. Kaunti moja peke yake, bila kugusa Kilifi wala Kwale, ambako pia watu wengi walibaki nyumbani.

Kwa kweli hakuna mahali watu wote hujitokeza, na daftari lenyewe lina marehemu: ukaguzi wa kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulikuta zaidi ya majina 240,000 ya waliofariki kote nchini. Kwa hiyo idadi halisi ya wasiopiga kura ni ndogo kuliko inavyoandikwa. Lakini ukingo nao ulikuwa mwembamba.

Kwa nini hawakwenda

Ukiuliza maskani utaambiwa "kura haina faida". Hilo ni jibu la haraka. Kuna majibu mengine nyuma yake.

Kwanza ni woga, na woga wa Likoni una tarehe. Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa na silaha zikachukuliwa. Siku zilizofuata nyumba na vibanda vya watu wa bara vilichomwa, zaidi ya watu 100 wakauawa na maelfu kwa maelfu wakahama. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa Desemba, Rais Daniel arap Moi akitetea kiti chake. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza ghasia hizo, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika wazi kwamba waliolengwa ni wale waliodhaniwa kuwa wangeipigia kura upinzani. Moi alishinda urais na hapa Pwani aliongoza. Lakini ajabu ya mambo, kiti chenyewe cha Likoni KANU ilikikosa. Kilikwenda kwa Suleiman Shakombo wa chama cha Shirikisho, na Kisauni ikamchukua Karisa Maitha wa DP.

Tangu mwaka huo, kila uchaguzi ukikaribia, mabasi ya kwenda bara hujaa. Nina jirani, mama wa Kikamba, ambaye kila mwaka wa uchaguzi huwapeleka watoto Machakos mwezi mzima kabla, kisha huwafuata. Jina lake liko kwenye daftari la hapa. Kura yake haijawahi kupigwa hapa. Ukimzidisha huyo mama mara elfu kadhaa, ndipo utaelewa kwa nini Changamwe na Likoni huonekana zimelala siku ya kura.

Pili ni ile hoja ya kwamba Pwani hufanyiwa maamuzi na wengine. Wakati wa vuguvugu la MRC na wito wake wa "Pwani si Kenya", kulikuwa na mwito wa kususia uchaguzi wa 2013. Vuguvugu lilizimwa, viongozi wake wakashtakiwa, ila fikra haikuzimwa. Kijana ambaye babake alisusia hakufundishwa kupanga foleni.

Tatu ni tumbo. Siku ya kura ni sikukuu ya taifa, lakini kwa kibarua ni siku isiyo na posho. Na ukumbuke kwamba mwaka 2022 kura ya ugavana wa Mombasa iliahirishwa kwa sababu ya makosa ya uchapishaji wa karatasi, ikafanyika Agosti 29. Mtu wa Bombolulu alitakiwa apoteze siku mbili. Abdulswamad Nassir wa ODM alimshinda Hassan Omar wa UDA kwa kura 119,083 kwa 98,108, na waliojitokeza walikuwa wachache zaidi kuliko mara ya kwanza.

Asilimia 41 za Ruto zilitoka wapi

Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta, akiwa rais aliye madarakani, hakufikisha theluthi moja ya kura za Mombasa. Miaka mitano baadaye Ruto akapata 41. Hao waliohamia kwake ni kina nani? Ninavyosoma mimi, walikuwa watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni watu wa mlima waliokuwa tayari na Uhuru na wakamfuata Ruto badala ya kumfuata Uhuru kwa Raila. Wafanyabiashara wa Kongowea, wenye maduka ya vifaa Bamburi, wauza mitumba, wenye nyumba za kukodisha Kiembeni na Mtopanga. Wa pili ni mahasla wa Pwani hasa: bodaboda, tuktuk, kina mama wa mahamri na viazi karai, vijana waliochoka kuambiwa kila mara kwamba "Baba" anakuja.

Kundi la kwanza ndilo lililotikisika mapema. Rigathi Gachagua aliondolewa kwenye unaibu rais na Seneti Oktoba 17, 2024, na Mei 2025 akazindua chama chake cha DCP. Mfanyabiashara wa Kongowea hasemi sana, hasa akiwa na mteja mbele yake, maana anakumbuka 1997 na 2007. Lakini yeye hupiga kura. Hilo ndilo linalomtofautisha na wengi wetu: huyu hajali jua wala foleni. Kama hasira za nyumbani kwao zitamfuata hadi huku, Ruto atapoteza watu ambao hujitokeza kwa uhakika, na atalazimika kuwafidia kwa watu ambao hawajitokezi. Ni biashara mbaya.

Wakamba nao wasisahauliwe. Hassan Omar alikuwa seneta wa Mombasa kwa tiketi ya Wiper mwaka 2013, na akagombea ugavana kwa chama hicho hicho 2017 kabla ya kuhamia UDA, ambako sasa ndiye katibu mkuu. Wiper haikuwa na nguvu hapa kwa bahati tu. Kuna Wakamba wengi Changamwe na Kisauni, na Kalonzo Musyoka safari hii yuko upande unaompinga rais.

Bandari na ahadi ya siku ya kwanza

Changamwe ina kisa chake. Tangu serikali ya Uhuru ilipoamuru kontena za mizigo inayoingia nchini zipakiwe kwenye reli ya SGR na kwenda kulipiwa ushuru Nairobi, kisha Naivasha, mtaa baada ya mtaa ulikufa polepole. Madereva wa malori, utingo, makarani wa mawakala wa forodha, maghala ya kontena, gereji za Chaani, kina mama waliokuwa wakiuza chakula kando ya barabara ya Port Reitz usiku kucha. Shemeji yangu alikuwa dereva wa lori wa kampuni moja ya hapo. Siku moja aliambiwa aegeshe gari, asubiri kuitwa. Alisubiri mwaka mzima.

Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022 pale Kasarani, na katika hotuba hiyo hiyo ya kwanza akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa. Nilikuwa Magongo siku hiyo na niliona watu wazima wakikumbatiana kwenye duka la redio. Haijapata kutokea rais akaikumbuka Mombasa kabla hajashuka jukwaani.

Je, ajira zimerudi? Ukimuuliza wakala wa forodha mwenye ofisi yake, atakuambia mambo ni afadhali. Ukimuuliza dereva, atakuambia waliokwenda hawakurudi wote, na kwamba ghala lililofungwa kwa miaka minne halifunguki kwa hotuba. Halafu mwaka 2023 ukazuka mjadala wa kukodisha sehemu za bandari kwa wawekezaji binafsi, na wafanyakazi wakaanza tena kuhesabu vidole. Kundi hili si la kumchukia Ruto. Ni kundi lililopewa ahadi mahususi, yenye tarehe, na linaijua hesabu yake. Wapigakura wa namna hii ni hatari kwa rais yeyote, maana hawahitaji kuhutubiwa na mpinzani. Hutazama bamba la lori lililosimama uani.

Muguka na wazazi wa Kisauni

Mei 2024 Gavana Nassir alipiga marufuku muguka katika Kaunti ya Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Siku chache baadaye, baada ya kukutana na viongozi wa Embu, Ikulu ikatangaza kwamba marufuku hayo ni batili kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi. Mahakama nayo ikayasimamisha.

Kisheria huenda Ikulu ilikuwa na hoja. Siasani lilikuwa kosa ambalo sidhani watu wa Nairobi walilipima. Muguka kwa mzazi wa Mwandoni au Mlaleo si zao la biashara. Ni mtoto wake wa miaka 15 aliyeacha shule, asiyelala usiku, anayeiba sufuria. Nilikuwa msikitini Ijumaa iliyofuata na sijapata kuona wazee wakikasirika hivyo juu ya jambo lisilo la ardhi. Wengine wao walikuwa wamempigia kura Ruto. Mzee mmoja akaniambia: "Mwanangu, rais kauliza Embu. Sisi wenye watoto hakutuuliza."

Wapo pia wale wenye jeraha la zamani zaidi. Mwaka 2007, Rais Mwai Kibaki akitetea kiti chake, Waislamu wa hapa walikuwa bado na uchungu wa wenzao waliokamatwa mwanzoni mwa mwaka huo na kupelekwa Somalia na Ethiopia. Raila alitia saini makubaliano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, NAMLEF, na ODM ikazoa viti vyote vinne vya Mombasa: Joho Kisauni, Mwahima Likoni, Kajembe Changamwe na Balala Mvita. Baadaye zikaja zama za mauaji na watu kupotea, za akina Sheikh Aboud Rogo aliyepigwa risasi Agosti 2012. Ruto alipoingia alivunja kikosi maalumu cha polisi kilicholaumiwa kwa mauaji, na hilo lilimpa heshima mitaani kwetu. Utekaji nyara wa vijana baada ya maandamano ya Juni 2024 ukaila heshima hiyo kwa kasi. Familia ambazo zimeshawahi kutafuta mtoto mochari hazihitaji kufafanuliwa neno "kutekwa".

Je, vigogo huondoka na watu wao?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi sasa. Viongozi wa ODM wa hapa wako ndani ya serikali jumuishi. Hassan Joho ni waziri tangu 2024, Nassir ni naibu kiongozi wa chama, na kati ya wabunge sita wa Mombasa watano ni wa ODM: Bedzimba wa Kisauni, Mishi Mboko wa Likoni, Omar Mwinyi wa Changamwe, Badi Twalib wa Jomvu na Machele wa Mvita. Raila na Ruto walitia saini makubaliano yao Machi 7, 2025, na Raila akafariki Oktoba 15 mwaka huo huo. Kwenye karatasi, ukijumlisha 58 za Raila na 41 za Ruto, rais ana Mombasa nzima.

Historia ya Likoni inasema taratibu kwanza. Masoud Mwahima alikuwa mbunge wa ODM, mtu wa watu, mwenye mizaha. Akahamia Jubilee. Serikali ikanunua shamba la Waitiki, ekari 930, na Januari 2016 Uhuru akaja mwenyewe kugawa hati, ingawa kila mwenye kiwanja alitakiwa kulipa Sh182,000 polepole. Kama kuna zawadi ya kisiasa iliyopata kutolewa Likoni, ni hiyo. Uchaguzi wa 2017 ulipofika, Mwahima akashindwa na Mishi Mboko wa ODM, na Mombasa ikampa Raila kama kawaida. Watu walichukua hati zao na kura zao wakazipeleka walikotaka. Malindi nako, Dan Kazungu alipopewa uwaziri, uchaguzi mdogo wa Machi 2016 ukashindwa na Jubilee.

Lakini nisiwe mwongo: mifano ya upande wa pili ipo. Salim Mvurya alitoka ODM akaingia Jubilee na bado akashinda ugavana wa Kwale 2017. Wapigakura walimpa yeye kura ya kaunti, ya urais wakampa Raila. Na Novemba 27, 2025, katika uchaguzi mdogo wa Magarini, Harrison Kombe wa ODM, akiungwa mkono na UDA, alimshinda mgombea wa DCP ya Gachagua. Kwa hiyo serikali jumuishi inaweza kushinda kura huku kwetu. Tofauti ni kwamba Magarini walikuwa wakimchagua mbunge wa chama walichokizoea. Kumwambia mtu wa Mtongwe aliyempigia Raila mara tano sasa aweke alama kwenye uso wa Ruto ni jambo jingine kabisa.

Waluo na Waluhya wa Changamwe ndio wa kutazamwa hapa. Wamekuwa uti wa mgongo wa ODM upande wa Port Reitz na Chaani tangu 2007. Wengine watafuata chama. Wengine, hasa vijana wao, hawatamfuata mtu. Na wengi, naogopa, watafanya kile walichofanya 2022: watakaa nyumbani. Rais asihesabu hilo kuwa faida. Kura ya ODM isiyopigwa ilimsaidia alipokuwa mpinzani wa ODM. Akiwa sasa ndiye anayeitegemea ODM, kura hiyo hiyo isiyopigwa inamuumiza yeye.

Kina mama, na mabinti walioko Ghuba

Ukitaka kujua hali ya siasa ya Kisauni, usiende kwenye mkutano. Kaa asubuhi kwa mama wa mahamri. Yeye ndiye aliyeimbwa katika kampeni ya 2022. Anajua bei ya unga na mafuta ya kupikia bila kutazama risiti, na alikuwa wa kwanza kuhisi ushuru wa mafuta ya petroli na dizeli ulipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Bima ya NHIF ilipobadilishwa kuwa SHA Oktoba 2024, aliyejiajiri alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, ndipo baadaye ukaletwa mpango wa kulipa kidogo kidogo. Mahamri hayalipi mwaka mzima kwa mkupuo. Wapo waliotibiwa kwa SHA na wanaishukuru. Nimekutana nao, na hawa nao watapiga kura.

Nyuma ya mama huyo mara nyingi kuna binti Saudia. Nyumba nyingi za Likoni na Kisauni zinaishi kwa mshahara wa msichana anayefanya kazi za ndani Riyadh au Jeddah. Serikali imejivunia kupeleka watu kazi za nje, na kwa nyumba iliyopata matofali kutokana na kazi hiyo, ni jambo la kushukuru. Kwa nyumba iliyopokea jeneza, ni jambo jingine. Mabinti hao wenyewe hawana kura: mwaka 2022 Wakenya walipigia kura katika nchi 12 za nje, zikiwemo Qatar na Milki za Kiarabu, lakini Saudia haikuwemo. Waliosajiliwa nje kwa jumla walikuwa 10,443 tu. Lakini ujumbe wa sauti wa binti kwa mamake una uzito kuliko helikopta tatu.

Wenzetu walivyofanya

Tangu uhuru, hakuna rais wa Kenya aliyekuwa madarakani akatangazwa kushindwa kwenye debe. Moi alipita 1992 kwa asilimia 36 tu kwa sababu wapinzani waligawanyika, na zama zile hapakuwa na sharti la nusu. Kwa majirani mambo ni tofauti. Zambia mwaka 2021, Edgar Lungu alishindwa na Hakainde Hichilema kwa karibu kura milioni moja. Mwaka 2016 waliojitokeza huko walikuwa kama asilimia 56. Mwaka 2021 wakafika kama 70, wengi wa walioongezeka wakiwa vijana. Malawi imewaondoa marais wanne waliokuwa madarakani, wa mwisho akiwa Lazarus Chakwera, Septemba 2025, nchi ikiwa na uhaba wa mafuta na bei za vyakula zikiwa juu. Zambia hawakungoja wafuasi wa rais wabadilishe nia. Walioingia ni wale ambao hawakuwa wakipiga kura.

Na hapa ndipo vijana wanapoingia katika hesabu yetu. Juni 2024 niliwaona vijana wa ng'ambo wakivuka feri kwa miguu asubuhi, bendera mgongoni, chupa ya maji mkononi, kwenda kuandamana kisiwani dhidi ya mswada wa fedha. Walikuwa wa makabila yote. Hawakuwa na kiongozi wa kuwaambia wakae. Wengi wao mwaka 2022 hawakuwa wamefikisha miaka 18. Usajili wa wapigakura ulifunguliwa tena Septemba 29, 2025, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kwangu mimi kipimo cha kweli cha hatima ya Ruto huku kwetu ni idadi ya majina mapya yatakayoingia daftari la Kisauni, ambalo tayari ndilo kubwa kuliko yote Mombasa, na la Likoni na Changamwe baada yake. Umati wa mikutano ya Tononoka siuhesabu.

Kabla ya daftari kuna kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Kiswahili, Kiarabu au wa asili ya Pemba alisailiwa mara mbili tatu kabla hajapewa, akiulizwa babu yake alizaliwa wapi. Rais aliahidi Februari 2025 kuondoa usaili wa ziada kwa jamii za mipakani, na Wapemba wa Kilifi walitambuliwa rasmi kuwa Wakenya mwaka 2023. Hayo ni mambo mema na huenda yakamrudishia kura. Huenda pia yakawafungulia mlango watu watakaomkataa. Hiyo ndiyo hali ya kumpa mtu kitambulisho.

Mwezi uliopita nilimchukua mpwa wangu, miaka 20, mmoja wa waliovuka feri siku ile, nikampeleka kujisajili. Njiani alinieleza kwa ufasaha kabisa mambo yote ya deni la taifa. Tulipofika karani akamwomba kitambulisho. Akapapasa mfuko, akaniangalia. Kumbe kilikuwa tayari tangu Agosti, kimelala ofisini, naye hakuwa amekwenda kukichukua. Tumepanga kwenda Jumatatu.